Wali Aliyepanda Pikipiki

Tangu turudi, kila anayekuja buchani kwangu kununua nyama anataka na safari juu yake, kama mfupa wa nyongeza. Nimeisimulia mpaka nimechoka. Halafu juzi nikamsikia Hamisi akiisimulia upande wa pili wa barabara, dukani kwake, na katika hadithi yake yeye ndiye aliyeendesha. Hamisi hajui hata breki iko wapi. Ndiyo maana naandika, ili ukweli ukae mahali pamoja. Habari za kutafuta vibali nitaziruka. Siku hizi za Hali ya Hatari mtu anaomba ruhusa hata ya kwenda kumzika shangazi yake. Tuliomba, tulingoja, tukapata.

Kisa ni hiki. Hamisi ana dada mmoja, Zuhura, anayekaa Majengo ya Embu kwa mama yao mdogo. Zuhura alikuwa ameposwa na Abdalla, dereva wa lori, na ndoa ilipangwa Ijumaa baada ya sala. Jumamosi Abdalla alitakiwa kuondoka na msafara wa malori kwenda Moyale, na dereva akipelekwa huko siku hizi hajui atarudi mwezi gani. Sasa, kwetu Waislamu msichana hajiozi. Anaozwa na walii wake, yaani baba yake, na baba akiwa amefariki, kaka yake. Baba yao alifariki zamani, na kaka ni mmoja tu, huyu Hamisi mnayemjua. Angeweza kumpa mtu uwakala kwa barua, na barua aliandika, lakini ilipotelea huko zinakopotelea barua siku hizi. Basi ama Hamisi afike Embu Ijumaa, ama Abdalla aende zake bila mke na Zuhura akae kungoja asijue mpaka lini. Magari ya abiria yalikuwa yamesimamishwa njia ile. Mimi nina pikipiki.

Lishikeni hilo neno, walii, lenye i mbili mwishoni. Ndilo lililokaribia kutufunga.

Maua hadi Meru

Pikipiki yangu mnaijua kwa sauti. Ilipigana vita vya Wazungu kabla sijainunua, na nadhani ilirudi na mapafu mabovu, ndiyo maana naiita Kikohozi. Tuliondoka Alhamisi asubuhi, ukungu wa Nyambene umelala barabarani na matope yamefika kwenye vifundo vya miguu. Hamisi alikaa nyuma yangu ndani ya koti nene la marehemu baba yake, na ndani ya koti amekumbatia kanzu ya harusi iliyokunjwa. Kila kona alisoma dua. Barabara ile mnaijua, kwa hiyo alisoma njia nzima.

"Salim, polepole."

"Nikienda polepole tutaanguka."

"Na ukienda mbio?"

"Tutaanguka mbele zaidi, karibu na Embu."

Hakucheka. Pale tunapoanza kuteremka, pikapu ya miraa ilitupita kama inafukuzwa, ikatumwagia matope mpaka kwenye meno. Nilitukana, nakiri, na Hamisi akakatiza dua yake ili kunisaidia kutukana. Hatukwenda mbali tukaikuta imezama kwenye tope upande mmoja, na wenye miraa wameshika vichwa kwa sababu mzigo ukikauka hauna mnunuzi. Ningeweza kupita nikipiga honi. Lakini ukimwacha mtu kwenye tope, kesho tope ni lako, basi tukashuka tukasukuma pamoja nao. Walipotoka, dereva akatupa kitita cha miraa.

"Tafuneni," akasema. "Embu itakuja yenyewe."

Mimi siitafuni nikiendesha. Hamisi alitafuna. Kabla hatujafika Meru dua zilikuwa zimekwisha na badala yake ananipiga mgongoni: "Salim, mbona unatambaa? Hii pikipiki haina gia nyingine?"

Meru hadi Githongo

Huko Githongo alikuwa anatungoja rafiki yetu wa tatu, Mwalimu Mutuma. Kabla ya Hali ya Hatari mimi na Mutuma tulizunguka pamoja sana, kila likizo ya shule, hadi Isiolo, hadi Nanyuki, bila sababu yoyote ila kuona barabara inaishia wapi. Yeye pikipiki yake huiosha kila Jumamosi na kuifunika blanketi, kama ng'ombe wa maziwa. Alipomwona Kikohozi alivyojaa tope alifumba macho.

"Umemleta hivyo kwetu?" akauliza.

"Amekuja kwa miguu yake."

Mama yake alitutilia uji vibuyuni, uji mzito wa mtama uliochacha vizuri, na katikati ya mibuni ile huku mvua ikinyesha sijui kinywaji kinachoushinda. Alitaka kujua kwa nini harusi yetu inangoja mtu mmoja. Mutuma akamweleza kwa Kimeru. Mama akatikisa kichwa, akaingia jikoni, akatoka na kikapu cha njahi, zile kunde nyeusi, akamfungia mwanawe nyuma ya pikipiki.

"Mama, kuna vizuizi," Mutuma akasema. "Chakula kinakatazwa."

"Hii si chakula. Hii ni ya bibi harusi," mama akasema. "Wewe utaenda kwa watu na mikono hivi?"

Mutuma ni mwalimu wa darasa zima la watoto watundu, lakini mbele ya mama yake alinyamaza. Tukaondoka na njahi.

Mteremko wa Nithi

Wanaotaka kujua Nithi ilikuwaje, basi niseme kwamba kushuka tulishuka bila kutaka. Kikohozi alishuka kwa tumbo, mimi nikamfuata kwa makalio, na Hamisi alitangulia wote wawili. Kupanda upande wa pili ndiko kulikotushinda. Mnyororo ulitoka, nikaurudisha, ukatoka tena.

Pale juu ya mlima kulikuwa na kina mama wanachimba mtaro wa barabara. Si kazi waliyoitaka. Siku hizi kila boma linatoa mtu wa kwenda kuchimba, na juu ya ukingo alisimama msimamizi na fimbo. Walituona tukihangaika kule chini, wakaongea, wakacheka, kisha mmoja akamwambia msimamizi kwamba pikipiki zile zimeziba barabara ya serikali. Msimamizi akawaruhusu. Waliteremka na majembe mabegani wakatusukuma mpaka juu, huku wakituimbia kitu ambacho Mutuma alikataa kutafsiri.

Mwanamke aliyekuwa amemsukuma Kikohozi kwa bega lake akafuta tope usoni. "Nyinyi mnakimbia wapi hivi?"

"Harusini, Embu," nikamwambia.

"Harusi?" Akawageukia wenzake. "Watu bado wanaoana!"

Alisema kama mtu aliyesikia kwamba mto uliokauka umeanza tena kutoa maji. Mmoja wa wenzake akaanza kucheka, na wakarudi mtaroni wakicheka. Mimi nilikuwa sijafikiria hivyo. Tangu Maua nilikuwa nafikiria gia na mnyororo tu, lakini baada ya hapo niliona aibu kuchelewa.

Alhamisi ile tulilala Chuka, kwa fundi cherehani mmoja Mwislamu, kwa sababu amri ya kutotoka nje jioni haina ndugu. Kunguni wake walikuwa na njaa. Zaidi ya hapo usiku ule hauna habari.

Kizuizi cha Thuci

Ijumaa asubuhi jua lilitoka na barabara ikaanza kukauka. Tulikuwa na furaha, tunaimba kila mtu wimbo wake. Mto Thuci ndio mpaka wa Meru na Embu, na hapo ndipo palipokuwa na kizuizi, gogo la mkaratusi juu ya mapipa mawili. Homgadi, wale walinzi wa vijiji, walikuwa wanaota jua na bunduki zao. Sajini wao alikuwa Mwembu wa makamo, mrefu, koti lake la jeshi limebaki na kifungo kimoja. Jina lake ninalijua ila sitaliandika.

Vibali vilikuwa sawa. Akauliza swali moja tu.

"Nyinyi naenda Embu kufanya nini?"

Ningejibu mimi ingekuwa maneno mawili. Lakini baba yake Hamisi alikuwa mtu wa Lamu, na Hamisi husema Kiswahili kama anakipima kwa mizani ya sonara. Akasogea mbele, akanyoosha koti.

"Afande, leo kuna ndoa. Mimi ndiye walii. Bila walii, ndoa haifungwi."

"Bila nini?"

"Bila walii."

"Wari," sajini akasema taratibu. Kwao l ni ngeni, hupita kama r. "Wewe iko na wari?"

"Mimi ndiye walii."

"Sawa. Iko wapi?"

"Niko hapa, afande. Si unaniona?"

Mnaijua amri ya chakula. Hupitishi hata kibaba cha mahindi bila karatasi yake, maana serikali inaogopa kitawafikia watu wa msituni, na msitu pale hauko mbali. Watu wamefungwa kwa viazi. Na hapa amesimama mtu mwenye koti nene, tumbo limevimba, anakiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ana wali, tena wa karamu nzima.

"Toa wari yote! Weka chini!"

Walifungua koti la Hamisi wakatoa kanzu. Wakaikunjua, wakaitikisa, haikudondosha hata punje. Wakafungua sanduku la Kikohozi wakakuta spana na kipande changu cha sabuni. Halafu wakakifikia kikapu cha Mutuma.

"Hii nini?"

"Njahi," Mutuma akasema.

"Huyu nasema wari. Mimi napata njahi." Sajini alihesabu makosa yetu kwa vidole. "Chakula moja naficha, chakula ingine nadanganya."

"Afande, wali wa kula sina," Hamisi akasema, na sauti imeanza kupanda. "Mimi ni walii wa dada yangu!"

"Ah! Dada ndiyo napika? Napikia nani?"

Hapo homgadi mmoja akakoki bunduki. Tuliambiwa tukae kwenye nyasi, mikono kichwani, tungoje lori la kambi ya wafungwa. Hamisi anasimulia kwamba mimi nilicheka. Sikucheka. Niliogopa. Nimewahi kuwaona watu wakipakiwa kwenye malori yale kwa jambo dogo kuliko neno. Jua lilikuwa linapanda, na Hamisi alikuwa analia waziwazi, si kwa kuogopa kambi. "Atasema sikuja," alirudia. "Zuhura atasema sikuja."

Mutuma ndiye aliyesema, na alisema Kimeru. Kimeru na Kiembu ni watoto wa mama mmoja, wanasikilizana wakitaka. Baadaye alinitafsiria neno kwa neno. Hakulitaja neno la walii hata kidogo.

"Baba," alimwambia sajini, "njahi kwenu hupikiwa nani?"

"Mama aliyejifungua. Na watu wa harusi."

"Basi mimi ningepeleka njahi msituni, nani amejifungua huko?"

Yule mwenye bunduki alicheka kabla ya kujizuia. Mutuma akaendelea.

"Na kwenu msichana akifiwa na baba, watu wakija na mbuzi, nani husimama kwa upande wake?"

"Kaka yake."

"Huyu anayelia ndiye kaka yake. Hilo ndilo neno lake. Dini yao ina jina la mtu huyo, na masikio yetu yakalisikia kama chakula."

Sajini akaja akachuchumaa mbele ya Hamisi.

"Wewe ni kaka ya msichana?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kama wewe hapana fika, yeye hapana olewa?"

"Haolewi, afande."

Sajini aliiangalia barabara ya Embu kama aliyesahau kwamba tupo. Halafu akasimama, akawapa wenzake maagizo, akajitundika bunduki mgongoni.

"Mimi nataka kuona hii wari ya mtu," akasema. "Kwa macho yangu." Akapanda nyuma ya Mutuma, akapakata kikapu cha njahi.

Runyenjes hadi Embu

Toka hapo vizuizi havikuwa vizuizi tena. Sajini alikuwa anapaza sauti kutoka mbali, na magogo yanainuka. Lakini alikuwa hajawahi kupanda tukutuku, kama alivyoiita, na Mutuma kwa uungwana wake wote hupenda mwendo. Kwenye mteremko wa kwanza sajini alifumba macho na kumkumbatia mwalimu kiunoni. Hamisi, ambaye jana tu alikuwa hivyo hivyo, akampigia kelele kutoka nyuma yangu.

"Soma dua!"

"Mimi ni ya misheni!"

"Basi soma ya misheni!"

Akasoma, na kwa sauti. Tulipita Runyenjes sajini akimwomba Mungu na watoto wakitukimbilia pembeni.

Karibu na Embu tulivuka kijito na Kikohozi akanywa maji, akanyamaza. Nilitoa plagi nikaikausha kwa kofia yangu ya harusi. Nilipiga teke, hola. Nilipiga teke, hola. Kwa mbali, kutoka upande wa Majengo, tukasikia adhana ya Ijumaa. Hamisi aliweka kiganja kwenye tangi la mafuta kama anampapasa ng'ombe mgonjwa, na teke lililofuata injini ikakohoa. Sijawahi kupenda kikohozi kama kile.

Tulifika sala imekwisha. Watu walikuwa wamekaa mkekani kwa mama mdogo, Abdalla katikati, kanzu yake nyeupe na uso umekauka. Sheikh alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba atangoja mpaka alasiri tu. Hamisi alivaa kanzu uani, matope bado masikioni. Sajini alivua viatu mlangoni kama alivyoona wengine wakifanya, lakini bunduki hakuruhusiwa kuiacha, na kuingia nayo hakutaka. Akaenda akasimama nje kwenye dirisha.

Sheikh akajisafisha koo. "Walii yuko wapi?"

Kabla Hamisi hajafungua mdomo, sauti ikatoka dirishani.

"Wari ni huyu!"

Kila mtu aligeuka. Sajini alikuwa amepitisha mkono mzima ndani, amemnyooshea Hamisi kidole. Sheikh, Mungu amweke, hakucheka. Alisema, "Tumesikia shahidi wa dirishani," akampa Hamisi mkono wa Abdalla.

Hamisi alianza vizuri, na Kiswahili chake cha mizani. Alipofika kwenye jina la dada yake sauti ilikatika. Akaanza upya, ikakatika tena. Mara ya tatu alilimaliza kwa machozi, na ndani kwa wanawake vigelegele vikapasuka. Nilisikia kilio cha Zuhura mle katikati na mimi nikalia, mchinjaji mzima.

Kisha likaja sinia. Wali, jamani, wenye nyama ya mbuzi. Tulimpelekea sajini dirishani fungu lake. Alikula tonge la kwanza, akatafuna kwa makini, akamwangalia Hamisi ambaye alikuwa bado anajifuta macho.

"Sasa nimeona wari mbili," akasema. "Moja inalia, moja inaliwa."

Kurudi

Jumamosi tulimsindikiza Abdalla kwenye malori. Zuhura alikuwa amevaa kanga mpya na hakulia. Alisema mke wa dereva anajua anangoja nani, na hilo ni tofauti kubwa. Njahi alizipika asubuhi ile ile, tukala kabla ya kuondoka ili vizuizi visipate la kusema.

Thuci tulimshusha sajini, aliyekuwa amelala Embu pamoja nasi. Wenzake waliinua gogo, lakini yeye alibaki ameshika usukani wa Kikohozi.

"Mimi iko na msichana," akasema. "Watu ya kijana walileta mbuzi. Yeye nakataa. Nasema mpaka kaka yake arudi. Na kaka iko kambini, huko mbali chini. Serikali ilichukua yeye." Alisema hivyo akiwa amevaa koti la serikali hiyo hiyo, na wenzake wakaangalia mtoni. "Mimi nakasirika. Naambia yeye, mimi ni baba, mimi nasimama, wewe ni mjinga. Jana hapo dirishani naona yeye si mjinga."

Hamisi akamshika mkono.

"Sasa mimi pia nangoja wari," sajini akasema. "Wao naanza kuachilia watu, kidogo kidogo. Siku naachilia mtoto yangu, sitaki akuje na miguu. Atachelewa njiani. Nyinyi nakuja kuchukua yeye na hii tukutuku?"

"Tutakuja," tukasema, wote watatu, na Mutuma akalisema tena kwa Kimeru ili lisije likasikika vibaya.

Nithi kina mama walikuwa bado mtaroni. Hatukuwa na haja ya kusimama, lakini tulisimama. Niliwapigia kelele kwamba ameolewa, na yule wa bega akapiga kigelegele jembe likiwa mkononi, na msimamizi akajifanya hajasikia.

Hiyo ndiyo safari, na aliyeendesha ni mimi. Nimemwekea Kikohozi mnyororo mpya, na kwenye kiti cha nyuma nimeshonea kipande cha godoro. Hamisi anawaambia watu kwamba nimemtengenezea yeye. Mwacheni aseme. Kiti kile kina mtu wake.